Mhudumu Namba Kumi na Saba

3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mfikishie Bibi shikamoo yake, na umwambie ule mguu asiutembeze kuwaonyesha wageni kwamba umepona. Baba naye msalimie. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba nikinyoosha mkono naugusa, lakini hakivuji na mwenye nyumba si mgomvi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kwamba Mkuu wa zamu amekuita ofisini akakupa uchague: mikutano kumi na mbili na mshauri, au ukabidhi funguo za gari la wagonjwa. Kwamba wamekuandika kuwa unazunguka barabarani. Wapi unazunguka hukusema, nami siulizi. Umeniuliza jambo moja tu: haya yanayofundishwa kazini kwetu ni kweli, au ni porojo za watu wenye viyoyozi?

Nitajibu kama karani, maana mimi si mtaalamu. Kituo chetu kinafundisha washauri namna ya kutibu kiwewe cha watu wa zimamoto, wa magari ya wagonjwa na wale wanaopokea simu za dharura. Mtu anafumba macho, analisimulia lile tukio baya kuliko yote kana kwamba linatokea sasa: "naendesha", si "niliendesha". Anarudia, anarudia tena, mpaka tukio lichoke kabla yake. Kila mkutano unarekodiwa. Nakala moja anakwenda nayo nyumbani akaisikilize kila siku. Nyingine inakuja huku, wasimamizi wamsikilize yule mshauri mwanafunzi na kumpa maksi.

Kosa linalowakatisha maksi nyingi kuliko yote, utacheka, ni kusema "pole". Sisi makarani tunaopiga chapa zile rekodi tumeagizwa kila "pole" tuipigie mstari mwekundu. Msimamizi wetu, mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu, huwaambia: "Mtu amekuja kusema, wewe unamfuta machozi ili anyamaze. Umemsaidia nani?" Wanafunzi wanateseka, Shangazi. Wamelelewa na pole tangu tumboni.

Najua unachoogopa ni kusikiwa. Rekodi hazina majina, zina namba tu. Za mji wetu anazipiga mwenzangu, mtu mzima tunayemwita Mama Faili; nimemwomba mwenyewe azichukue zote. Hakuna anayekujua atakayekusikia. Neno langu hilo.

Nenda, Shangazi. Kumi na mbili si nyingi.

Mwanao,
Kalamu

20 Februari

Kalamu mwanangu,

Marahaba. Bibi yako anasema shikamoo iliyokuja kwa posta imefika imepoa, uje uilete mwenyewe ya moto. Baba yako analala na kuku na kuamka na kuku ili awahi kutugombeza. Paka amezalia ndani ya buti langu la kazi. Wiki nzima nimekanyaga breki na kandambili mpaka vitoto vifumbue macho.

Utauliza tena kwa nini sinunui simu nikaongea kama watu. Mwanangu, nimesikiliza simu na redio ya gari miaka ishirini na miwili. Kitu kikilia ndani ya nyumba naruka kama nimemwagiwa maji. Karatasi hailii. Tuandikiane.

Sasa hayo ya kiwewe. Mimi sina kiwewe, nina mgongo. Wakitaka kunitibu waanze na kiti cha lile gari. Na huko kuzunguka kwenyewe ni hivi: kuna mtaa mmoja sipiti. Una mashimo. Mwezi wa kwanza tulikuwa na mzee wa kifua, tukachelewa dakika sita, na muuguzi wangu wa nyuma, kijana msema kweli kupita kiasi, akaziandika kwenye ripoti. Mzee yu hai. Anakula, anatukana wauguzi. Lakini dakika sita zimeandikwa, na Mkuu anasema safari ijayo huenda mzee asitukane mtu.

Anasema kweli. Nakwambia wewe tu, yeye sikumwambia.

Lakini wakininyang'anya zile funguo, mimi ni nani? Nitakaa barazani nimtazame baba yako anavyokata kucha?

Nitakwenda nisaini. Nimesema nisaini.

Shangazi yako

11 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Ni vizuri umekubali. Naandika kwa haraka, kesho kundi jipya la washauri linaanza mazoezi na nimepanga viti tangu asubuhi. Viti viwili havitazamani uso kwa uso, vinakaa kwa pembe, ili mtu asijione yuko mahakamani. Boksi la tishu linawekwa pale ambapo mgonjwa anafika kwa mkono wake mwenyewe. Ukimpa wewe, umemwambia basi, inatosha.

Umesema mtaa ule una mashimo. Mitaa yote ya mji wetu ina mashimo, Shangazi, na yote unaipita. Nimesema hivyo tu, sitarudia.

Wasalimie wote.

Kalamu

30 Machi

Kalamu,

Marahaba. Sote wazima. Baba yako amepata miwani mipya na sasa anaona vumbi ambalo halipo.

Jumatano iliyopita ilikuwa mara ya tatu. Huyo mshauri mliyenipa alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto. Ana jasho, ana daftari, ana adabu za kumwua mtu. Nikisema nimechelewa mlangoni, pole. Nikisema kuna joto, pole. Nimempa jina Bwana Pole, na sasa mpaka mlinzi wa pale anamwita hivyo. Nikamwambia, "Mwanangu, ukiimaliza pole yote leo, wiki ijayo tutatumia nini?" Akacheka, kisha akaitazama mashine ya kurekodi kama mtoto aliyemwona mwalimu mkuu dirishani. Nikamwonea huruma.

Nasaini, nanywa maji yao, naongea habari za mgongo. Usitegemee zaidi.

Shangazi yako

14 Aprili
(Hii sikuituma siku hiyo.)

Shangazi,

Naiandika ili mkono uwe na kazi.

Mama Faili amelazwa, amepasuliwa nyongo. Kazi zake zimegawanywa. Leo Jumatatu asubuhi nimekuta mezani rekodi tisa, namba tupu, bila orodha ya miji. Ya nne ilikuwa Mhudumu Namba Kumi na Saba, mkutano wa tano. Nikavaa hedifoni. Kiti kikalia. Mtu akakohoa, na kikohozi nikakijua kabla ya sauti.

Sheria yetu imebandikwa ukutani juu ya kompyuta yangu. Ukitambua sauti, vua hedifoni, jaza fomu ya kijani, rudisha rekodi. Niliisoma sheria ile kwa dakika hamsini na mbili, hedifoni zikiwa masikioni.

Unaendesha, Shangazi. Ni saa nane mchana. Redio ina simu mbili kwa pamoja: basi limepinduka darajani, watu kumi na mmoja, na mama mjamzito anavuja damu, nyumba yenye geti la kijani. Geti lile la nyumba yetu ya zamani ulilipaka rangi wewe na Baba. Unamwambia mtu wa redio, "Huyo ni wifi yangu, niko dakika mbili kutoka kwake." Mtu wa redio anasema, "Basi kwanza. Hiyo ni amri." Mji mzima una gari moja la wagonjwa, na njia ya darajani inapita mbele ya geti la kijani. Mama yangu amesimama nje, mkono mmoja tumboni. Anavua kitambaa cha kichwani, cha njano, anakupungia. Unapita. Kwenye kioo cha pembeni unamwona bado anapunga.

Miaka kumi na minne tumeambiwa siku ile gari lilikuwa bovu. Baba mpaka leo akiliona gari lako hupiga tairi teke na kusema, "Au nalo limegoma?" Nawe hucheka naye. Nimekusikia ukicheka naye tangu nina miaka tisa.

Kisha ukamwuliza Bwana Pole: "Aliniona mimi? Au aliona gari tu?" Naye akasema pole. Mara nne. Zote nne nikazipigia mstari mwekundu, maana ndiyo kazi yangu.

Nikikwambia nimesikia, hutakanyaga tena pale, na funguo utazitoa. Nisipokwambia, kila barua nitakayokuandikia itakuwa ya uongo kuanzia tarehe. Na liko jingine kuhusu siku ile, ambalo hata hapa, kwenye karatasi isiyokwenda popote, mkono unagoma.

25 Aprili

Kalamu mwanangu,

Mbona kimya? Au mmefundishwa kunyamaza nako kuna maksi?

Hapa tunapaka nyumba chokaa. Kila kitu kiko uani, hata kabati la Bibi yako, naye amekaa kando yake analilinda kama askari. Ndani ya vurugu hii tumekutana na sanduku la nguo za mama yako. Bibi anasema nguo zimekaa miaka ya kutosha, zigawiwe wenye kuzihitaji. Baba yako amesema mfanye mtakavyo, akaenda kutembea. Nimeona nikuulize kabla sijalifungua. Zipi nigawe, zipi nikuwekee?

Juzi nililala mpaka asubuhi bila kuamka. Nadhani ni zile dawa za mgongo.

Shangazi yako

6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nashukuru umeniuliza. Nimefurahi sana kusikia unalala. Mimi nilikuwa na kazi nyingi tu, hakuna jingine. Huku mvua zinanyesha na ukuta ulio mbele ya dirisha langu umeota ukungu.

Kuhusu sanduku: magauni wagawie, na viatu pia. Lile koti la sufu niwekee. Na kile kitambaa cha njano cha kichwani ukikikuta usijilazimishe kukitazama, wala usikishike ukiwa peke yako. Mpe Bibi akifunge kwenye mfuko, mimi nitakuja kukichukua.

Endelea na mikutano. Umebakiza michache.

Mwanao,
Kalamu

19 Mei

Kalamu,

Kitambaa cha njano hakimo sandukuni. Hakikurudi kutoka hospitali. Hakuna mtu wa nyumba hii anayejua kwamba siku ile alifunga cha njano, ila aliyemwona barabarani.

Nani alikuambia?

27 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sikumbuki vizuri. Huenda ni Bibi aliwahi kunitajia nikiwa mdogo. Au ni ndoto, unajua utotoni mtu huchanganya. Usilifikirie sana.

Nimepata matokeo ya kozi yangu ya jioni, nimefaulu yote. Msalimie Baba.

Kalamu

21 Juni

Shangazi,

Shikamoo, ingawa najua hutaiitikia.

Wiki nne hujaniandikia. Lakini orodha ya mahudhurio ninaiona hapa: Mhudumu Namba Kumi na Saba alifika mara kumi, kisha Jumatano tano mfululizo nafasi yake ni tupu. Hapo ndipo nilipojua kwamba hukuamini habari ya Bibi, wala ile ya ndoto, na ulikuwa na haki. Nilisikia rekodi yako. Mkutano wa tano, wote, tangu kikohozi hadi mlango. Zilizofuata sikuzigusa, maana Mama Faili alirudi kazini. Ndani ya bahasha hii nimeweka barua ya Aprili ambayo sikuituma, ujue niliyoyasikia kama nilivyoyasikia.

Kosa langu la pili ni lile la kitambaa. Kila siku napiga chapa maneno ya Msimamizi akiwakataza watu wasimfariji mtu kabla hajasema, na mimi nilikufariji kwa jambo ambalo hukuwahi kuniambia. Niliiandika barua ile mara nne ili isiwe na kosa hata moja. Kila mara niliusoma mstari ule nikaona ni mstari wa huruma.

Jana nimejaza fomu ya kijani, miezi miwili baada ya siku yake. Msimamizi aliisoma akiwa amesimama. Akauliza, "Ni nani wako?" Nikasema, "Ndiye aliyenilea." Akasema nitoke kwenye rekodi kuanzia leo. Sasa niko stoo ya faili za zamani, chumba cha ndani kisicho na dirisha lolote, nikisubiri kamati iamue kama nabaki au naondoka.

Mwisho wa Julai faili lako litafungwa na ripoti itakwenda kwa Mkuu wa zamu. Mikutano miwili tu, Shangazi. Mimi siyo sababu ya kutosha ya wewe kupoteza gari.

Kalamu

8 Julai

Kalamu,

Salamu sina.

Barua zako zote mbili nimezisomea ndani ya gari, nimeliegesha nyuma ya karakana, maana nyumbani hakuna pa kusomea. Unajua ile rekodi nilikuwa naisikilizia wapi? Bafuni, bomba nimelifungulia, na baba yako anagonga mlango anauliza kama naoga au najizamisha. Wiki kwa wiki nimejifungia na sauti yangu mwenyewe, nakaa juu ya ndoo, nasikia nikimpita mke wa mtu aliye nje ya mlango. Kisha natoka nampakulia chakula. Nilifanya hivyo kwa sababu kuna mtu aliniandikia: neno langu hilo.

Ulikuwa na haki ya kujua. Mama ni wako. Lakini nilikuwa nakuja huko mwenyewe, taratibu, na wewe ukanivizia njiani. Usinijibu na pole. Kwenu inakatwa maksi.

Bwana Pole amenifuata mpaka karakana. Nilikuwa chini ya gari, nikaona viatu vyake tu, vimejaa vumbi. Akasema, "Mama, nimekuja kukwambia nilikosea. Uliniuliza swali, mimi nikakimbia." Pole hakusema hata moja. Nikamwambia aende zake. Akakaa kwenye tairi bovu karibu saa nzima, bila daftari, halafu akaenda.

Mkuu anataka funguo au saini ifikapo tarehe thelathini. Nimeshazitoa kwenye mnyororo wa funguo za nyumba, ziwe tayari.

Swali langu umelisikia. Mtu wa redio amekufa. Baba yako alikuwa kazini. Wewe ulikuwa shule. Hakuna aliyebaki wa kunijibu, basi nifumbe macho tena mbele ya vijana ili nini?

Shangazi yako

15 Julai

Shangazi,

Siku ile sikuwa shule.

Nitaandika kama wanavyofundishwa hapa, maana kwa njia nyingine mkono unakataa.

Nina miaka tisa. Tumbo linaniuma na Mama amenirudisha kitandani. Saa saba na kitu ananiita. Amekaa sakafuni jikoni na sakafu imelowa. Ananituma kwa jirani, yule fundi bomba mwenye pikapu, akapige simu hospitali. Fundi anapiga. Kisha anasema, "Wana gari moja tu hawa. Ngoja nishushe mabomba, nimpeleke mwenyewe, dakika kumi." Anaanza kuyashusha, moja moja, anayalaza kwenye nyasi. Nimesimama namtazama. Nasikia king'ora.

Namwambia, "Acha tu. Shangazi yangu anakuja."

Nasema kwa kujivuna. Hilo ndilo nisiloweza kulimeza mpaka leo, kwamba nilijivuna. Fundi anasema, "Afadhali," anayarudisha mabomba, anawasha gari, anakwenda kazini kwake. Narudi mbio. Namwambia Mama, Shangazi huyo, simama akuone. Ni mimi ninayemnyanyua. Ni mimi ninayemtoa nje. Nabaki nyuma ya geti, nimelishikilia lisijifunge.

Unapita.

Mama anapunga bado. Anasema, "Si wifi yule?" Kisha anasema, "Mbona hasimami?"

Mwanzoni niliandika kwamba alisema, "Ana wengine wa kuwahi." Nikaiona nzuri. Nikaipasua. Hakusema hivyo. Alisema, mbona hasimami, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza saa. Akakaa chini barabarani. Tukasubiri mpaka saa tisa unusu, likapita lori la mchanga, wakamchukua. Dereva akaniambia nibaki nifunge nyumba.

Alikuona. Alijua ni wewe. Hilo ndilo jibu. Sijui kama ni dawa au ni msumari, na nimekaa na bahasha hii siku mbili nikiogopa kuilamba. Niliwaambia wote nilikuwa shule, na kwa kuwa fundi alihama mwezi uleule, hakuna aliyebisha. Ndiyo maana Baba akisema "gari bovu" mimi hutoka nje. Ulidhani ni huzuni.

Sikuandikii unifariji, na sikuombi chochote. Uliuliza swali, na mtu wa kulijibu alikuwepo.

Kalamu

27 Julai

Kalamu mwanangu,

Bibi yako hajambo, amegombana na fundi wa chokaa na amemshinda. Baba yako ana mafua.

Barua yako niliipeleka Jumatano. Nikampa Bwana Pole aisome, akairudisha. "Isome wewe, Mama. Kwa sauti." Nikasoma. Nilipofika mahali pa "mbona hasimami" nikainuka nikaenda dirishani, nikatazama gari za watu. Kijana yule hakutia neno. Hata pumzi naona aliibana. Hakuniita, hakunifuata, tishu hakunisogezea. Nikarudi, nikakaa, nikaanza upya tangu "tumbo linaniuma". Mara tatu. Huo ulikuwa mkutano wa kumi na moja, na saini yangu ipo. Funguo bado ninazo. Ule mtaa sijaupita, usije ukadhani nimepona kwa barua.

Miaka yote nilitaka mtu aniambie hakuniona. Sasa najua aliniona, na hakuna mahali pa kujificha palipobaki. Nimelala siku mbili mfululizo kama gunia. Sijui ni nini hiyo. Bwana Pole naye anasema hajui, na nimempenda kwa hilo.

Sasa nikwambie la aibu. Nilikukasirikia. Siku nne nzima. Bibi yako akikutaja naondoka. Nilikuwa nayaona yale mabomba yanarudishwa kwenye pikapu, moja moja, na wewe umesimama hapo kifua mbele. Nikawa nawaza, angenyamaza tu, dakika kumi. Siku ya tano naosha gari, nikajikuta nimemnunia mtoto wa miaka tisa anayeumwa tumbo. Nikaangua kicheko kibaya, cha peke yangu, mpaka yule muuguzi msema kweli akaja mbio kuuliza kama aandike ripoti. Nikamwambia andika: dereva ameonekana akicheka, chanzo hakijulikani.

Baba yako hajui bado. Hilo nitamwambia mimi, kwa kinywa changu, na usinitangulie tena.

Nimekwambia zangu. Na wewe niambie zako, bila kunipamba. Tangu uliposikia ile rekodi, mimi umenikasirikia siku ngapi?

Shangazi yako

4 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Mwambie Baba asinywe dawa za Bibi.

Kamati imekaa. Sikufukuzwa. Nabaki stoo mpaka mwisho wa mwaka, na rekodi sitazigusa tena. Msimamizi alinikuta huko juzi, akawasha taa ya pili ambayo sikujua kwamba ipo, akauliza kama Namba Kumi na Saba amerudi. Nikasema siruhusiwi kujua. Akasema, "Vizuri," akaenda zake.

Uliloniuliza nimelihesabu kwenye kalenda, kwa penseli, ili nisikosee. Ni siku mia moja na kumi na mbili. Nimekupenda siku zote hizo, na kila siku nilikukasirikia. Leo asubuhi napiga mswaki hasira ilikuwepo. Nilidhani ikitoka kwenye karatasi ya mwezi uliopita itakuwa imetoka na ndani. Haikutoka.

Nimeomba ruhusa ya siku nne na nimekata tiketi ya Ijumaa. Nilitaka kungoja iishe ndipo nije, nikaona huenda nikangoja mpaka nizeeke humu stoo. Kwa hiyo nakuja nayo.

Nitandikie kitanda.

Kalamu